Miguu ya Meza ya Milimita

Seremala mkuu wa kiwanda cha nguo aliitwa Milimita, kwa sababu ubao ukizidi unywele mmoja tu aliurudisha kwenye randa. Alikuwa pia bingwa wa mpira wa meza kiwandani kwa miaka kumi na tisa mfululizo, tena juu ya meza aliyoiunda mwenyewe. Hilo la pili ndilo lililomvimbisha kichwa.

Ukikaa naye dakika tano, historia yote unamegewa: mchezo ulizaliwa kwenye meza za kulia chakula za watu wenye nafasi, vitabu vikisimama badala ya wavu, kizibo cha chupa kikiwa mpira na kifuniko cha boksi la sigara kikiwa kibao. Ukaja mpira wa seluloidi, kibao kikavikwa raba ya vipele, kisha sponji, na ule mlio wa ko-ko-ko ukazimika. Mwishowe wakubwa wa mchezo wakaukuza mpira na kushusha pointi kutoka ishirini na moja hadi kumi na moja. Milimita alinung'unikia kila badiliko, kisha akalizoea.

"Wamegusa kila kitu," husema. "Meza tu ndiyo wameiacha."

Yake ilikuwa na siri. Aliisawazisha kwa pimamaji ndani ya karakana, ambako sakafu inainamia mtaro, kwa hiyo miguu ya upande wa mtaro ikatoka mirefu. Ilipofika ukumbini, kwenye sakafu tambarare, upande huo ukapanda sentimita mbili. Aligundua mwaka huohuo wa kwanza. Aligundua pia kwamba akianzisha kwa kukata, yaani kuukwaruza mpira kwa kibao ili uzunguke, unateleza kando na kumwacha mtu anapiga hewa. Akafyata mdomo. Watu wakauita mpira ule "nyoka", na Milimita akajizolea sifa.

Aliyeumwa sana na nyoka huyo ni binti yake, mfumaji wa kiwandani humohumo. Fainali nne, zote kafungwa. Sasa chama cha mchezo kilitaka kuleta mashindano ya viwanda pale, na mwamuzi akaja kukagua meza. Ikikataliwa, mashindano yangehamia mbali, na binti hakuwa na siku ya likizo iliyobaki ya kuyafuata.

Mwamuzi aliangusha mpira kutoka sentimita thelathini, ukarudi ishirini na tatu, kama sheria inavyotaka. Milimita akashusha pumzi. Kisha mwamuzi akatoa pimamaji.

"Mzee, meza imelalia upande."

"Itakuwa sakafu yetu," binti akadakia. "Baba hakosei vipimo."

Milimita aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Sakafu haina kosa," akasema, akaenda kuchukua msumeno.

Alikata miguu miwili mbele yao, sentimita mbili kila mmoja. Mwamuzi akapima tena, akasaini karatasi, akaaga. Binti alikuwa bado anavitazama vile vipande sakafuni.

"Ulijua tangu lini, baba?"

"Ulikuwa darasa la kwanza, mwanangu."

Binti hakumfokea. Alichukua kibao, akamrushia mpira.

"Anzisha."

Milimita alianzisha kwa kukata kama alivyozoea. Mpira ulikwenda moja kwa moja, na binti akaurudisha kwa nguvu zote ukapita ubavuni mwa baba yake.

"Tena," binti akasema.