Mto Usio na Maji

Katikati ya ukuta wa darasa la watoto wadogo, katika shule moja ya binafsi mjini Kasese, pamebaki mahali patupu. Picha ya tofaa ipo. Ya pengwini ipo pia, ndege asiyeweza kuruka, sembuse kufika Kasese. Baina yao kuna alama za gundi tu, na hakuna anayeuliza palikuwa na nini. Watu wa shule ile ni hodari wa kutouliza.

Palikuwa na kazi ya Mwalimu Biira. Alizaliwa Bwera, binti wa wakulima wa kahawa, na alikuwa akilionea kinyaa tofaa lile.

"Mtoto hajawahi kulionja, nami nimwambie alipake nyekundu asivuke mstari? Huo ni ukarani."

Basi akawatoa nje. Waliponda majani wakapata kijani, wakakoroga udongo wa kichuguu wakapata hudhurungi. Waliweka jani chini ya karatasi, wakasugua juu yake kwa makaa ya jikoni hadi mishipa ikajitokeza, nao wakapiga kelele kana kwamba wamemfumania mwizi.

Siku moja akawapeleka ukingoni mwa mto Nyamwamba na karatasi moja ndefu. Wakachora mto wa mawe matupu, duara jeusi juu ya duara jeusi. Nani angewalaumu? Wameona mto ule ukishuka mlimani na kusukuma mawe makubwa kama ng'ombe hadi sebuleni mwa watu. Ankunda, ambaye baba yake alikuja huku kutafuta kazi katika kiwanda cha saruji, alichora nyumba ndogo pembeni.

"Mama iko ndani," alieleza. "Maji ilishaenda, ndiyo mlango iko wazi."

Biira akaibandika karatasi ukutani.

Asubuhi ya siku ya wageni akaingia Dairekta Kosiya, mwenye shule, tai imemkaba hadi macho yamemtoka.

"Mwalimu Biira, hii ni nini? Viazi?"

"Ni mto, Dairekta."

"Mto gani bila maji? Samaki iko wapi? Watu wanatoka Kampala kuona maendeleo, wewe unawaonyesha kokoto! Weka maji. Ukikataa, Jumatatu usijisumbue kuja."

Mafuriko yale Kosiya aliyaona kwa macho yake mwenyewe. Aliyaona akiwa ghorofani.

Wale mashujaa wa kwenye hotuba wangekataa. Biira hakukataa. Alichukua brashi akapaka buluu ya dukani juu ya mawe, ukingo hadi ukingo, kisha akaongeza samaki wanaotabasamu. Dharau yake yote kwa tofaa ilikwisha kwa kopo moja la rangi.

Wageni walisifu. Mmoja, bwana mwenye kitambi na simu mbili, aliwapiga picha samaki, akataka mtoto amweleze. Ankunda akasukumwa mbele. Akagusa pale palipokuwa na mlango.

"Mwalimu, umeleta maji tena," akasema. "Sasa mama atapita wapi?"

Mgeni akacheka. Kosiya naye akacheka, kwa kuwa mgeni amecheka. Biira alikwenda ukutani, akaing'oa karatasi pamoja na samaki wake, akaikunja mbele yao wote.

"Mwalimu! Wageni wanaona!"

"Bandika tofaa lingine, Dairekta. Hilo mnaelewana nalo."

Alichuchumaa mbele ya Ankunda, akampa karatasi mpya na kipande cha makaa. Mtoto alimtazama mkono kwanza, ule uliokuwa na buluu kuchani.

"Chora tena," Biira akamwambia. "Mimi sigusi."

Akaficha mkono nyuma. Mtoto akaanza na mlango.

Jumatatu Biira hakujisumbua kwenda. Siku hizi yuko Bwera, anachuma kahawa ya baba yake, na Jumamosi huwachoresha watoto wa wachuuzi wa soko nyuma ya kanisa.