Ganda la Ishirini na Nane

Katika bonde lile la Pennsylvania kila mwenye bunduki anaijua sheria moja, hata kama zote nyingine anazivunja: usipige risasi aliyoijaza mtu mwingine. Jaza zako, piga zako. Ukiombwa, sema huna. Wazee wa klabu ya shabaha walikuwa wakisema risasi ya mwenzio ni kama mswaki wa mwenzio, huutii kinywani hata mpendane vipi. Ni mtu mmoja tu ambaye sheria hiyo haikumhusu, naye ni Lamar Fetterhoff: zake kila mtu alizipiga bila kuuliza.

Lamar alikuwa na miaka sabini na mitatu. Thelathini na minne kati ya hiyo aliitumia kwenye kiwanda cha mabomba, kitengo cha ukaguzi, na kazi yake kubwa ilikuwa kukataa. Bomba likizidi unene kwa upana wa unywele, analikataa. Msimamizi akinuna, anamwacha anune. Tangu kabla hajastaafu alikuwa ameihamishia tabia hiyo kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, ambako alikuwa na meza nzito iliyofungwa ukutani kwa boliti, mashine ya mkono ya kukandamizia, mizani, na makopo ya baruti kabatini. Mkewe Joyce alipofariki, meza hiyo ndiyo iliyomnusuru asianze kuongea na kuta.

Kazi yenyewe ni ya subira. Ganda la shaba lililokwisha kupigwa unalisafisha, unalirudisha umbo lake, unalitia fataki mpya kitakoni. Kisha unayapanga maganda hamsini kwenye kibao chenye matundu, midomo juu, na unayatilia baruti moja moja kwa kipimo. Mwisho unakichomeka kichwa cha risasi. Kwa bastola ya shabaha baruti ni kidogo mno, haijazi hata theluthi ya ganda, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukitia mara mbili kwa bahati mbaya, haimwagiki. Inakaa humo kimya kama iliyotiwa mara moja.

Kwa hiyo Lamar alikuwa na masharti yake, na aliyafundisha nusu ya wilaya. Kopo moja tu la baruti mezani. Redio izimwe. Na ukikatizwa, awe ni mgeni, awe ni simu, mwaga maganda yote, rudisha baruti koponi, anza upya. Aliwahi kumtoa darasani Denny Wertz, mtoto wa rafiki yake mkubwa, kwa sababu alipokea simu akiwa na kipimo mkononi. Kijana alikuwa na miaka ishirini na mbili wakati huo, alitoka masikio yamemwiva. Baadaye alikuja kuwa fundi wa bunduki, na fundi mzuri, na alikuwa akisema wazi kwamba uangalifu alifundishwa na mzee Fetterhoff.

Baba yake Denny, Irvin Wertz, alikuwa dereva wa lori la maziwa hadi alipostaafu. Alikuwa mwongeaji. Alisoma darasa moja na Lamar, akamsimamia siku ya harusi yake, akabeba jeneza la Joyce. Jumanne moja ya mwezi wa Oktoba aliteremka ngazi za chumba cha chini bila kubisha, kama alivyozoea, na sahani kutoka kwa mkewe Fern mkononi.

"We Lamar, uko hai huko, au nimwite mchungaji?"

"Usinisemeshe. Najaza."

"Unajaza za nani?"

"Zako."

"Basi nakaa nikusimamie. Fern kakuletea pai ya molasi. Kasema uile leo leo, usiiweke mpaka iote ndevu."

Alivuta kigoda, akaketi, na bila shaka hakunyamaza. Alikuwa na habari ya mchungaji mpya, aliyekwenda kuwinda bata mzinga, akajibanza saa mbili kwenye baridi, halafu akampiga risasi bata wake mwenyewe wa plastiki aliyemtega pale kama chambo.

"Na akakosa ya kwanza!" Irvin alisema. "Bata wa plastiki, amekaa tu pale, na mtumishi wa Mungu akamkosa!"

Lamar alicheka mpaka akaweka kipimo chini na kufuta machozi. Alipokishika tena, baruti ya ganda la ishirini na nane iliingia kwenye la ishirini na saba. La ishirini na nane lilibaki tupu, kwa sababu hesabu ya kichwani ilikuwa imeshalipita, na mkono ukaendelea na la ishirini na tisa.

Kwamba alikuwa amekatizwa, alijua. Nalisema hili wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilizunguka kwa siku nyingi. Alijua anatakiwa kumwaga yote, lakini Irvin angemcheka, na pai ilikuwa inanukia, na ndani ya miaka arobaini hakuwahi kukosea. Alimulika tochi kwenye midomo ya maganda kama kawaida yake. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, mwanga ulirudi na ukungu, na miadi ya daktari alikuwa ameiahirisha mara mbili. Aliona alichotaka kuona. Alichomeka vichwa, akaziweka risasi kwenye boksi, akaandika tarehe kwa ule mwandiko wake wa mkaguzi.

Alhamisi yake, klabuni, Irvin alipiga risasi kumi na nane bila tatizo. Ya kumi na tisa ilipasua bastola. Sehemu ya juu iliruka, silinda, lile gurudumu linaloshika risasi, ikafunguka kama ganda la karanga, na kipande cha chuma kikamwingia jicho la kulia. Miwani ya kujikinga alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso kwa kuwa ilikuwa ikifanya ukungu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatika hapo hapo. Lamar, aliyekuwa akipiga kando yake, ndiye aliyevua shati na kumfunga mkono, akamshika kichwa mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na muda wote Irvin alikuwa akiuliza kama kuna mtu mwingine aliyeumia.

Gari lilipoondoka, wanaume walisimama wakivitazama vile vipande vya chuma. Gus Hockenberry, katibu wa klabu, alikuwa wa kwanza kusema.

"Ni hii silinda. Denny si ndiye aliyeibadilisha mwezi wa saba? Zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mzee."

"Masikini kijana," mwingine akasema. "Kampofua baba yake."

Hakuna aliyetaja risasi. Zilikuwa za Lamar, na za Lamar hazitajwi. Yeye mwenyewe alilichukua lile boksi lenye risasi thelathini na moja, akalitia kwenye mfuko wa koti, akaenda nalo nyumbani.

Asubuhi yake alianza kuzivunja. Kuna nyundo ya plastiki yenye tundu kwa kazi hiyo. Unaiingiza risasi, unagonga sakafu ya saruji, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika ndani. Alizipima moja moja. Sawa. Sawa. Sawa kabisa. Ilipofika ya kumi na nne alikuwa ameanza kupumua, na akawaza kumbe ni kweli, ni chuma cha Denny. Ya ishirini na mbili aliigonga, kichwa kikadondoka, naye akaigeuza nyundo juu ya kisahani cha mizani. Hakikutoka kitu. Aliigonga tena kwa kiganja. Hakikutoka hata chembe.

Fundi yeyote wa kazi ile angeelewa mara moja. Ganda moja likikosa baruti, baruti yake imekwenda kwa jirani. Na jirani hakuwemo kati ya zile zilizobaki, maana alizivunja zote mpaka ya mwisho na kila moja ilikuwa sawa. Jirani alikuwa amekwisha kupigwa. Lamar aliketi chini sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto.

Angeweza kusema siku hiyo hiyo, njia ilikuwa wazi. Jumapili alikwenda hospitali akiwa ameyapanga maneno, na Irvin akamshika mkono kwa ule wake mzima kabla hajafungua mdomo.

"Unajua nawaza nini hapa nikilala? Kama wewe ndiye ungekuwa fundi wa ile bastola, ningekuwa na jicho langu."

"Irvin..."

"Wewe hukosei. Yule mvulana alikuwa na haraka tangu utoto. Amekuja jana, nimemwambia atoke. Nimemwambia asikanyage kwangu tena."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi, na haikuhitaji ushujaa wa vitani, ilihitaji sentensi moja tu. Lamar alisema, "Pumzika, Irvin." Woga ulimshika, woga wa mtu ambaye hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa kuaminiwa. Nje, kwenye korido, Fern alimfuata akiwa na kitambaa puani.

"Shemeji, zungumza naye habari za Denny. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia."

"Nitazungumza naye."

Hakuzungumza. Irvin alirudishwa nyumbani, na Lamar akawa anakwenda kila baada ya siku mbili, anakata kuni, anakula nyama ya nguruwe na kabichi chachu mezani kwa Fern. Alijiambia anasubiri mgonjwa apate nguvu. Msimu wa kulungu ulikuwa unakaribia, watu wakampigia simu wakitaka risasi za bunduki, naye akawaambia baruti imekwisha. Hakuwa anajaza tena. Alikuwa akizivunja zote alizokuwa nazo, mamia kwa mamia, hakupata nyingine yenye kasoro, na hilo halikumfariji hata kidogo.

Denny alikutana naye mara moja tu, kwenye kituo cha mafuta. Kijana alikuwa amekonda.

"Mzee Lamar, nimeipima ile silinda niliyobaki nayo, pacha wa ile. Nimeipima mara ishirini. Sioni nilipokosea. Wewe una jicho la ukaguzi, ungekuja unitazamie?"

"Nitakuja," Lamar alisema, na hakwenda.

Siku ya kumi na tisa tangu ajali Fern alipiga simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa imekauka. Denny alikuwa amefunga karakana, amepakia vitu vyake kwenye gari, ameondoka. Hakumwambia mtu anakokwenda. Ufunguo wa nyumba ya wazazi wake alikuwa ameuacha kwenye sanduku la barua, ndani ya bahasha, bila barua.

Lamar hakumaliza hata kahawa. Alimkuta Irvin ameketi mezani jikoni, jicho limefunikwa, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Fern alikuwa kwenye jiko, mgongo ameugeuza.

"Irvin, si silinda."

"Nini si silinda?"

"Iliyokuumiza. Ni risasi yangu. Nilitia baruti mara mbili, ile Jumanne uliyoniletea pai. Nimepata ganda la jirani yake, halina kitu. Denny hakukosea popote."

Irvin alimgeuzia lile jicho moja. Fern alizima moto.

"Umejua lini?"

"Ijumaa. Kesho yake."

"Ijumaa." Irvin alilitamka polepole. "Kwa hiyo ile Jumapili hospitali ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nikakwambia nimemfukuza, ukaniambia nipumzike."

Lamar alijaribu kusema aliogopa, kisha kwamba anaomba radhi, na yote mawili yakatoka yamechanganyikana. Irvin aliinua mkono wenye bandeji, akamnyamazisha.

"Jicho ningekusamehe. Haki ya Mungu, Lamar, jicho ningekupa, mimi ndiye niliyekuja kukuchekesha na kazi mkononi. Lakini umeniacha nimlaani mwanangu kwa kosa lako, na unakuja kukaa kwenye kiti hicho unakula chakula cha mama yake."

Fern alichukua simu yake mezani.

"Hapana, Fern, wewe kaa," Irvin alisema. "Atapiga yeye."

Lamar aliibonyeza namba, akaisogeza simu kwenye sikio la rafiki yake na kuishikilia, kwa sababu Irvin hakuipokea hata kwa ule mkono wake mzima. Iliita mpaka ikakatika. Sauti ya mwanamke ikasema sanduku la ujumbe limejaa.

"Piga tena."

Alipiga tena. Alipiga mpaka saa sita mchana, amesimama, maana hakuna aliyemwambia aketi. Kesho yake saa nne alirudi, bila kuitwa, na keshokutwa pia, na Fern akawa anamfungulia mlango bila salamu. Alikwenda klabuni akawaeleza wote, Hockenberry akakunja uso na kumwambia labda apumzike kidogo nyumbani, na watu wakaanza kuzitupa risasi zake kwenye ndoo ya maji. Hakujali. Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kulungu milima yote ilikuwa ikilia bunduki, na wanaume wote wa bonde walikuwa msituni isipokuwa wawili. Mmoja alikuwa ameketi, mwingine amesimama kando yake, mkono ameunyoosha kumshikia simu sikioni.

"Imekatika," Lamar alisema.

"Nimesikia. Piga tena."