Fundi Pindo na Kamusi ya Kihispania

Jina la Fundi Pindo alipewa na wateja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akianza nguo ya pili kabla hajapinda pindo la ile ya kwanza. Ungelia, ungeapa kwamba bwana harusi yuko nje anasubiri suruali, yeye angekujibu tu, "Zamu yako itafika." Basi usishangae kusikia kwamba mtu huyu alijifunza Kihispania kwa kufungua kamusi ukurasa wa kwanza, herufi A, na kuteremka nayo.

Sababu ilikuwa mjukuu. Mwanawe wa pekee alioa ng'ambo, akapata binti mmoja, kisha akafariki huko huko na kuzikwa huko huko. Sasa mkwe alikuwa ameahidi kumleta mtoto likizoni. Mtoto alijua Kihispania tu, kwa hiyo kwenye simu walikuwa wakionana nyuso, wakipungiana mikono na kuchekeana tu, na kila simu ilipokatika mzee alibaki na uchungu. Aliogopa damu yake ingekuja mgeni na kuondoka mgeni. Alitaka kumwambia mtoto jambo moja tu: hapa ni kwenu.

"Bandu bandu huisha gogo," alisema, akaiweka kamusi kando ya cherehani. Ukurasa wa kwanza tu akakutana na abuelo, babu, akaona safari imeanza vizuri. Mbele kidogo akakuta aceituna, zaituni, akakuna kichwa. Alipofika azúcar alimwita mkewe kwa kelele.

"Mke wangu, njoo uone! Hawa watu wametuibia sukari!"

"Au sisi ndio tuliowaibia," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Na huyo mtoto, mzee, hatazungumza kwa kufuata herufi. Ruka ruka basi!"

"Kuruka ruka ni kazi ya panzi."

Wageni walipofika, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza C. Aliwapokea kwa bienvenida, karibu, akawaambia comer, wale, na beber, wanywe. Lakini kulala kulikuwa kwenye D. Aliweza kuwalisha na kuwanywesha; kuwalaza, hapana. Mkewe ndiye aliyewaonyesha kitanda kwa kuegemeza shavu kwenye kiganja.

Mkwe alicheka, akamkumbatia. Mtoto hakucheka. Alimtazama babu yake mara moja, akajificha nyuma ya mama yake. Tangu hapo mzee akiingia sebuleni, mtoto anatoka. Akimsogezea kiti, anamkimbilia bibi. Mzee alijilaumu: angesikia la mkewe, leo angekuwa na maneno ya kumvuta mtoto. Roho ilimuuma hasa, akawa anashinda kwenye chumba cha cherehani.

Asubuhi moja alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo kama kawaida yake, akahisi kuna mtu mlangoni. Mtoto alikuwa amesimama anamkodolea macho. Mzee hakuthubutu hata kukohoa. Mtoto akasogea taratibu, akagusa meza.

"Mesa," akasema kwa sauti ndogo.

"Meza!" mzee akadakia. Hakuwa amefika M. Hakujua kwamba huko nako ana jamaa wanaomsubiri. Akashika limau lililokuwa dirishani.

"Limón," mtoto akasema.

Akaonyesha sabuni kwenye beseni. "Jabón." Hiyo ilikuwa imepinda kidogo, lakini wa ukoo hafichiki.

Kisha mtoto akaivuta kamusi. Akafunua kurasa nyingi, mbali kabisa na C, akatafuta kwa kidole, akasita, halafu akamsogezea babu yake. Parecerse: kufanana.

Mzee hakuelewa. Mtoto akatoa ulimi wake kidogo pembeni mwa mdomo, akaonyesha sindano, akamgusa babu shavuni.

"Papá," akasema.

Hilo halikuhitaji kamusi. Sindano ilianguka na hakuna aliyeitafuta. Fundi Pindo alimkumbatia mjukuu wake, akalia waziwazi bila kuona haya, na mtoto naye akalia kifuani mwake.

Mkewe aliingia mbio. "Jamani! Umemfanya nini mtoto?"

"Hakuwa ananikimbia mimi, mke wangu," mzee alisema. "Kila akinitazama, anamwona baba yake."