Thelathini na Moja ni C

Wiki iliyopita nilikuwa ofisini mjini, nangoja chai ya saa nne, simu yangu ikaanza kulia mfululizo kama imepagawa. Lilikuwa kundi letu la WhatsApp, la sisi tuliosoma pamoja katika shule moja ya umma kule Uthiru. Mwenzetu mmoja alikuwa ametuma video. Kijana amesimama kando ya barabara na kipaza sauti, anawauliza wanafunzi waliovaa sare maswali mepesi. Mji mkuu wa Tanzania? Msichana anajibu Mombasa. Mashariki mwa Kenya kuna bahari gani? Mvulana anafikiri sana, anakuna kichwa, anasema Ziwa Victoria. Wenzangu wakacheka wakagaragara. "Hawa watoto ni bure kabisa," akaandika mmoja. "Sisi tulikuwa tunasoma," akaongeza mwingine, na wa tatu akasema enzi zetu wangepata kiboko cha kuwafungua akili.

Nilisoma ujumbe wote, nikawadharau mmoja baada ya mwingine. Nyani haoni kundule. Huyo aliyeandika "sisi tulikuwa tunasoma" nilikaa naye dawati moja miaka mitatu, na mpaka tunamaliza darasa la nane aliamini Ulaya ni nchi moja na rais wake anakaa London. Aliyetaka kiboko alikuwa hajui kama jua linachomoza upande wa mji mdogo wa Kikuyu au upande wa mjini, ingawa lilimchoma usoni kila asubuhi akija shule. Mimi nilikuwa monita wao, na nilikuwa mjinga kuliko wote, kwa sababu ujinga wangu ulikuwa na cheo. Kwa hiyo, rafiki yangu, kaa nikusimulie jinsi sisi tulivyokuwa tunasoma.

Uthiru ya wakati huo ilikuwa bado na harufu ya ng'ombe. Tulipanga chumba kimoja katika ploti ya nyanya mmoja aliyezaliwa papo hapo, na nyanya huyo alikuwa na ng'ombe wawili nyuma ya vyumba vya kupangisha. Mama yangu alikuwa ametoka magharibi, kwao Kakamega, akaja kufulia watu nguo katika nyumba kubwa za Loresho. Yeye akiondoka alfajiri, mimi nilichukua panga nikamkatia nyanya majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, umande ukinilowesha mpaka magotini, naye akanilipa kikombe cha maziwa yenye povu. Nyanya alikuwa na msemo wake: ng'ombe hukupa ulichomlisha. Nilidhani anazungumza juu ya ng'ombe tu. Jumamosi upepo ulileta harufu ya nyama choma kutoka kwa mabucha ya barabarani, na sisi tulikula ugali na sukuma wiki tukiivuta ile harufu kama kitoweo. Nayapenda mambo hayo mpaka leo, siwezi kukudanganya. Lakini shule sitaipamba.

Kengele ya shule ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti, ikigongwa kwa nati kubwa. Mchana tulipewa githeri, mahindi na maharagwe yenye vijiwe. Na kila siku baada ya githeri, darasa la nane lilikuwa na ibada yake. Mwalimu mkuu alikuwa amekusanya karatasi za mitihani iliyopita, zile tulizoziita pasti pepa, na kwa kuwa karatasi hazikutosha, watoto sita walichungulia moja, tukisoma swali bila kufika kwenye majibu. Chaki nayo ilikuwa haba. Basi mwalimu hakuandika majibu kwa maneno, aliandika namba na herufi tu, sisi tukanakili, kisha tukaimba huku tukigonga madawati: ishirini na tisa B, thelathini D, thelathini na moja C! Aliyekosea herufi alichapwa. Aliyeuliza hiyo C inasema nini alichapwa pia, kwa kupoteza wakati.

Na usidhani mbinu hiyo haikufaulu. Mitihani ya majaribio ilikuwa ikipikwa kutokana na pasti pepa hizo hizo, kwa hivyo tulipita vizuri ajabu. Mwalimu mkuu aliibandika orodha ya alama zetu langoni, wazazi waisome wakipita, naye akatembea uwanjani akiwa ametanguliza tumbo. Alikuwa mtu wa kusema, "Elimu ni alama, mengine ni porojo." Alikuwa amekaa Nairobi maisha yake yote na sijawahi kumsikia akisema kitu kimoja alichokiona kwa macho yake.

Muhula wa pili akaja mwalimu wa mazoezi, msichana mwembamba kutoka chuo cha ualimu, viatu vyake vimeshonwa kando. Sisi tulimwita Tipii, yaani TP, herufi za Kiingereza za mazoezi ya kufundisha, kama walivyoitwa wote waliokuja kwa mazoezi, na tulimwona mshamba. Alikuja na ramani ya Kenya aliyoichora mwenyewe juu ya gunia la sukari lililopasuliwa, milima kwa kahawia, mito kwa bluu. Hakuandika herufi hata moja ubaoni. Alituuliza vitu kama kwa nini barabara yetu kuu ya Waiyaki Way imejaa malori usiku na mchana, na yanaelekea nchi gani. Tukabaki tumemkodolea macho. Malori yanaelekea mbele, si ndiyo kazi yake?

Siku moja akatutoa nje darasa zima, tukateremka mpaka kwenye kijito kilichopita chini ya shule, pale wanawake walipofua na sisi tulipoteka maji ya kumwagilia maua ya mwalimu mkuu. Akauliza maji yale yanakwenda wapi. Mvulana mmoja akasema, "Yanaenda chini, madam." Tukacheka. Yeye hakucheka. Akavua viatu, akaingia majini, akaanza kutueleza, akinyoosha mkono upande wa Muthangari: kijito hiki kinaungana na wenzake, kinakuwa mto unaopita katikati ya mji, na huo mto nao unaingia katika mwingine mkubwa, mpaka siku moja maji haya yanayogusa miguu yangu yanafika baharini. Aliyasema hayo kwa furaha, kama anayetupa zawadi.

Nikainua mkono. Mimi, monita.

"Madam, hiyo iko kwa mtihani?"

"Sijui kama iko kwa mtihani," akasema. "Lakini iko hapa mbele yako."

Nilimdharau kabisa. Nilimwona mtu anayetupotezea mwaka. Jioni ile tulikaa chini ya ua wa miti ya kayaba uliozunguka shule, sisi tuliojiita vichwa vya darasa, tukakubaliana kwamba tukiendelea hivi shule ya jirani itatupita. Kesho yake niliongoza wenzangu wawili hadi ofisini.

"Mwalimu, madam wa TP hatufundishi," nikasema. "Anatupiga stori tu."

"Stori gani?"

"Za mto."

Mwalimu mkuu akacheka mpaka akaegemea kiti, akanisifu mbele ya wenzangu, akasema mimi nitafika mbali. Kabla ya chakula cha mchana Tipii alikuwa ameondolewa darasa la nane, akapelekwa darasa la kwanza kuwaimbisha watoto. Alipokuja kuchukua vitu vyake alikunja ile ramani ya gunia, akaniambia kwa upole, "Monita, nisaidie kubeba." Nikaibeba. Hakunigombeza njiani, wala mimi sikuona haya. Haya ilikuwa haijafika kwangu.

Muhula wa tatu likaja shindano la maarifa, katika ukumbi mmoja mjini. Wafadhili walikuwa wametangaza kwamba mshindi wa kike atalipiwa karo ya miaka minne katika sekondari ya bweni. Rafiki yangu, wewe huenda hujui maana ya neno bweni kwa mtoto anayelala chumba kimoja na watu watano. Mama alijua. Aliomba ruhusa Loresho, akanyimwa, akaja hivyo hivyo. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, amenipaka mafuta mpaka nang'aa kama sufuria, na soksi zangu zilikuwa mpya.

Pembeni yangu alikaa msichana wa shule moja ya kulipia, amevaa blezi na tai. Nilimdharau huyo naye, kwa sababu alikuwa na mikono laini na bila shaka hajui kuwasha jiko. Tulibaki wawili tu mwishoni. Mwulizaji akasoma swali la mwisho: Mto Nairobi unamwaga maji yake katika mto gani?

Moyo uliruka kwa furaha. Swali lile nililijua neno kwa neno. Lilikuwa kwenye pasti pepa ya kwanza kabisa, upande wa nyuma, namba thelathini na moja, tumeligongea madawati mara mia. Nilibonyeza kengele kabla ya yule wa blezi kupumua, nikasimama wima, nikasema kwa sauti ya paredi:

"C!"

Mwulizaji akatabasamu. "C ni nini, mrembo?"

C ni nini. Nilitafuta kichwani mwangu mote, nikakuta namba na herufi, namba na herufi, zimepangwa vizuri kama viti vya kanisa lisilo na watu. Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele. Mwulizaji akamgeukia mwenzangu, naye akajibu, bila hata kuinua sauti, "Mto Athi." Wakampigia makofi. Ndipo nikakumbuka miguu ya Tipii ndani ya maji na mkono wake umenyooshwa, na mdomo wake ukitaja mito mmoja baada ya mwingine, na mimi nikitazama soli za viatu vyake vilivyowekwa juu ya jiwe.

Tulitoka ukumbini, mama na mimi, tukatembea mpaka barabara ya Tom Mboya. Akaninunulia yai la kuchemsha lenye kachumbari. Nililila huku nalia.

"Sasa hiyo C ulisema," mama akauliza hatimaye, "ilikuwa makosa?"

"Haikuwa makosa, mama. Ilikuwa sawa."

"Basi mbona wakacheka?"

Mama hakuwa amefika mbali shuleni, na mtihani aliuheshimu jinsi anavyoheshimu sakramenti. Ilibidi arudi Loresho kesho yake kuomba msamaha kwa siku aliyoiiba. Sekondari nilisoma ya kutwa, tena kwa kufukuzwafukuzwa karo, na nilichojua juu ya dunia nilikuja kukiokota mwenyewe baadaye, kimoja kimoja, nikiwa mtu mzima, nikiona aibu kuuliza.

Ndiyo maana siwezi kuwacheka wale watoto wa kwenye video. Ninaowadharau ni wale waliowalisha, na ninaowadharau zaidi ni sisi tuliokula makapi yale yale, tukajifuta mdomo, sasa tunajifanya tulishiba nyama. Angalau yule mvulana wa Ziwa Victoria alijaribu kutaja maji. Mimi nilitaja herufi.

Jumamosi nilipanda kwenda Uthiru. Nyanya mwenye ploti alishazikwa, na pale palipokuwa na ng'ombe pamejengwa gorofa. Ua wa kayaba umeng'olewa, ukuta wa mawe umechukua nafasi yake. Kijito kimewekwa ndani ya kalvati, hakionekani tena, unakisikia tu chini ya lami mvua ikinyesha. Hata mtihani wenyewe wa darasa la nane umefutwa. Yule mungu wetu tuliyemtolea sadaka mwalimu mzima, wamemwondoa kwa tangazo moja la serikali, na nchi ikaendelea kunywa chai. Nilisimama katika uwanja wa shule nikakasirika kwa niaba ya mtu ambaye huenda alishanisahau.

Kwa bahati ofisi ilikuwa wazi. Karani alikuwa msichana mdogo, mchangamfu, anapanga mafaili. Nilimwambia namtafuta mwalimu aliyewahi kufanya mazoezi hapa zamani, nataka tu kumwomba msamaha. Akafurahi. Akasema vitabu vya zamani vyote vipo stoo, hata vya walimu wa mazoezi, akavuta kalamu.

"Anaitwa nani huyo madam?"

Nikafungua mdomo. Mwaka niliujua. Muhula niliujua, na siku, na viatu vilivyoshonwa kando. Karani akangoja, kalamu yake juu ya karatasi, kisha akaniuliza taratibu, kama anavyoulizwa mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa:

"Hata jina moja tu?"