Nilivyochanganya "he" na "she" mbele ya daktari, nikaamua kujifunza Kiingereza upya

Kamwene wakuu. Wa Mbeya msinune, mimi mwenyewe kwetu Mbalizi, ila nimeolewa Iringa na salamu za huku zimeshanikaa mdomoni.

Hiki ninachoandika sijasimuliwa, kimenipata mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Kihesa. Form four nilimaliza, English nikaiacha hukohuko shuleni.

Nina watoto mapacha. Neema wa kike, Baraka wa kiume.

Siku moja wote wawili waliamka na homa kali. Nikawakimbiza hospitali. Daktari wa zamu alikuwa mgeni, mzungu, Kiswahili chake kinaishia kwenye "pole". Nesi ndiye alikuwa anatutafsiria. Katikati ya maelezo akaitwa wodi ya wazazi, kuna dharura. Akatoka mbio.

Tukabaki mimi, daktari na watoto. Baraka kalala kitandani, Neema nimempakata.

Daktari akauliza, "Any allergies?"

Hilo neno nalijua vizuri. Neema aliwahi kuchomwa sindano tukiwa kwa bibi yake Mbalizi, uso ukavimba, pumzi ikawa shida, nusura nimpoteze. Nikajikaza nikajibu:

"Yes doctor. He get injection, he swell, he no breathe."

"He?"

"Yes, he."

Wakuu, kichwani kwangu nilikuwa nimesema "alichomwa, akavimba". Hiyo "a" yetu haina mwanamke wala mwanaume. Nikaichukua "he" nikaiweka hapo, nikaona nimemaliza.

Daktari akaandika kwenye faili la Baraka. Akavuta dawa kwenye sindano, akaja upande wangu, akaanza kumpangusa Neema paja kwa pamba.

He, she, him, her, zote zikanipotea. Nikaziacha. Nikamfunika mwanangu kwa mikono yote miwili nikapiga kelele:

"No doctor! Girl! Injection girl, no! Girl face big! Girl no breathe! Boy okay!"

Akasimama palepale. "Her? Not him?"

"GIRL!"

Akaiweka sindano chini. Hakugusa mtoto yeyote mpaka nesi aliporudi. Nesi akanisikiliza kwa Kiswahili, akamweleza, kisha akanigeukia.

"Dada, ulimwambia he. He ni mwanaume."

Watoto walipewa dawa nyingine, wakapona. Lakini mimi sikurudi nyumbani nikiwa yuleyule. Nilimwambia mume wangu, "Baba Neema, mimi hii lugha nitaijua."

Akacheka. "Kwa hiyo unataka kuwa mzungu?"

"Nataka kuwa mama anayeeleweka."



Kozi za mjini ratiba yake ilinishinda. Sasa wakati huo nilikuwa nashonea kwenye baraza la duka la vitambaa, na mwenye duka ni mama mmoja wa Kihindi, Mama Hansa, kazaliwa hapahapa Iringa. Kiingereza anaongea na wajukuu zake kama maji. Nikamfuata, nikamwambia shida yangu yote.

Akaniuliza, "Neno 'alimpa' lina watu wangapi ndani?"

Nikafikiri. "Wawili. Aliyetoa na aliyepewa."

"Basi Kiswahili kinawabeba wote kwenye neno moja, Kiingereza kinawashusha. She gave him. Kwanza jiulize nani katenda, mwanamke au mwanaume. Halafu kafanya nini. Halafu kamfanyia nani. Usifungue mdomo kabla hujawaona."

Darasa letu likawa wateja. Akiingia mwanamke na mumewe, Mama Hansa ananitazama, nami nasema kwa sauti ya chini: "She wants the blue cloth. He is waiting for her."

Nikisema "she want", anagonga kaunta kwa mkasi. Hiyo s ilinitesa jamani! I want, you want, they want, zote sawa. Ukifika kwa mtu mmoja unayemsema pembeni, kitenzi kinaota mkia: she wants, he waits. Na kitambaa ni "it", hata kiwe kizuri namna gani. Nilishakiita "she" kitenge kimoja, Mama Hansa akacheka mpaka akakaa.

Mafundi wenzangu wa barazani waliniita "madam". Nikaitika. Kuna siku nilichoka kabisa nikataka kuacha. Kesho yake nikarudi.

Mwaka huu karakana moja ya mjini ilitafuta fundi wa nguo za wageni. Mwenye karakana ni mama wa nje, Kiswahili hajui. Nikaenda.

Akauliza, "Who taught you to sew?"

"My father taught me. She..." Nikasimama. Nikavuta pumzi. "Sorry. He. He gave me my first machine."

"Is he still sewing?"

"Yes. But his eyes are tired. When I visit him, I thread the needle for him."

Yule mama akatabasamu, akanisogezea kitambaa na mkasi. "Show me."

Nikakata. Kazi nilipata, na leo nimeandika huu uzi nikiwa kwenye mapumziko ya mchana hapahapa karakanani.

Nilichojifunza: usingoje Kiingereza kiwe kizuri ndipo uongee. Anza na nani, kafanya nini, kamfanyia nani. Pronoun ikikukimbia, taja jina la mtu au kitu, utaeleweka. Ukikosea, simama, rekebisha, endelea. Mimi bado nakosea na siachi.

Haya wakuu, nyie Kiingereza kinawabana wapi? Mwagikeni hapo chini, na walimu mliomo humu msitucheke, mtusaidie.