Tangi Lililopakwa Samli

Sisi tuliokulia Garissa miaka ya tisini tunakumbuka kwamba pikipiki kuukuu haikukimbizwa kwa fundi. Iliegemezwa kwenye ua wa miti nyumbani, na familia nzima ikaiuguza kama ngamia.

Yetu ilikuwa imelala miaka bila kuguswa. Aabo, baba yetu, aliifufua kwa ajili ya mama yake. Ayeeyo, bibi yetu huyo, aliletwa mjini kutibiwa macho, akapona, lakini kuta zilimshinda. Jioni alinusa upepo na kulalamika, "Ngamia wangu wanazaa, nami nimewekwa hapa kama gunia." Mvua zikishika, njia ya malishoni ingegeuka tope, naye angekwama kwetu hadi kiangazi.

Injini iliitika upesi. Kazi ilikuwa kutu. Mimi na dada yangu Hodan tulikwangua tangi kwa msasa, tukiulowesha maji kidogo kidogo ili usizibe, mpaka vidole vikafa ganzi. Harufu ya mafuta ya taa ilichanganyika na ya anjera jikoni. Aabo alitueleza taratibu kwamba rangi hupakwa asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamsha vumbi, tena tabaka jembamba. Likikauka ndipo ufuatishe jingine.

Basi asubuhi tukapaka kijani, kopo zima. Tangi likang'aa! Kufika adhuhuri, rangi ikaanza kujikunja na kubanduka. Aabo akapitisha kidole, akanusa.

"Nani amepaka samli hapa?"

"Mimi, jana," Ayeeyo akajibu bila wasiwasi. "Mmelikwangua, mkaliacha uchi juani. Vyombo vyangu vya maziwa navipaka visipasuke, hili nisilipake?"

"Hooyo, mama yangu, hiki ni chuma!" Aabo akasema.

"Kwani chuma hakichomwi na jua?"

Hodan aliangua kicheko. Aabo alijikaza kukasirika, akashindwa.

Kopo lilikuwa tupu, na dukani rangi ile ilikuwa imekwisha. Mawingu yalikuwa yameshuka. Aabo alitaka kungoja lori lilete nyingine, lakini Ayeeyo alikwisha kufunga nguo zake kwenye shuka. "Twende, mwanangu. Ngamia hawatauliza rangi."

Waliondoka kesho yake, tangi lina mabaka kama chui, Ayeeyo amekaa upande, amemshika mwanawe kiunoni. Hakugeuka kutupungia. Mvua ilinyesha Aabo alipokuwa njiani kurudi. Ayeeyo hakuja tena mjini. Alizikwa kulekule, karibu na ngamia wake.

Vijana wa leo hubandika stika, hupiga picha, ndipo huuliza kama pikipiki inawaka. Siwalaumu. Ila ukipata chuma kikuukuu, nunua msasa, waite watoto wako, mchafuke pamoja. Hata mkikosea, mtakuwa na la kusimulia.

Siku hizi lami imesogea, nina gari lenye viti laini, na malishoni kule ningefika kabla ya chakula cha mchana. Lakini sina tena anayengoja nimpeleke.