Kumchagulia Amplifaya Bwana Twaha

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa hata swichi moja. Mkuu wa Mitambo wa kituo chetu cha redio, Bwana Twaha, aliniketisha kwenye chumba cha kurekodia, akanivika hedifoni nzito juu ya mtandio, akaniambia nisikilize. Waya ulikuwa umechomekwa kwenye mashine, lakini hapakuwa na muziki wala mtu aliyesema.

"Wasikia nini?"

"Sisikii kitu, bwana."

"Sikiliza tena."

Nikafumba macho. Baada ya kitambo nikausikia mvumo mwembamba, kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Akanieleza kwamba ule ni mvumo wa umeme, kila mashine ina wake, na fundi asiyeusikia atawarushia watu mvumo huo majumbani mwao bila kujua. "Masikio kwanza, Mwanaidi," akasema. "Bisibisi itakuja baadaye."

Zama hizo mwanamke fundi mitambo alikuwa kioja. Mamangu, Mungu amrehemu, alipoulizwa na majirani wa Mji wa Kale nafanya kazi gani, alikuwa akiwajibu, "Yuko ofisini huko," kisha akabadilisha mazungumzo. Bwana Twaha hakunihurumia wala hakunionea. Nilipounganisha waya vibaya aliukata mbele yangu, akanirudishia nianze upya.

Kutoka chumba cha kurekodia nilihamishiwa kwa Msimamizi wa Matangazo ya Nje, Bwana Mutua, mtu wa bara aliyekuwa hachoki. Tulirusha mpira, maulidi, na sherehe za Mama Ngina Drive, kando ya bahari, upepo ukitupiga kwenye maikrofoni. Yeye ndiye aliyenifunza kuifunika maikrofoni kwa sponji ili upepo usisikike. Baada yake nikapelekwa kwenye mtambo wa kurushia matangazo, na huko nikawa tena chini ya Bwana Twaha. Umeme ulikuwa ukikatika sana, kwa hivyo jenereta ilinguruma karibu kila siku, nasi tulisimama kando yake tukipigiana kelele. Hakuna aliyevaa vizibo vya masikio. Mimi nilikaa pale muda mfupi. Yeye alikaa miaka mingi, na ngurumo ile ikamla masikio kidogo kidogo, bila maumivu, hata asijue ni siku gani aliacha kuwasikia ndege.

Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa mtangazaji wa kipindi cha salamu cha alasiri. Alisoma majina ya watu wa Tudor, wa Makupa, wa ng'ambo ya kivuko, kila jina kana kwamba mwenyewe ameketi mbele yake. Watu waliokuwa hawajapata kumwona walimwamkia sokoni kwa kuitambua sauti. Aliugua akiwa bado kazini, na hakukaa sana. Kwenye matanga Bwana Twaha alikaa barazani akipokea mikono, na kila aliyempa pole alimwambia, "Sema kwa nguvu, sikusikii."

Mwaka uliofuata kituo kilihamia ofisi mpya. Meneja aliamuru kanda zote za zamani zitupwe. "Zanuka ukungu," alisema, "na mashine za kuzichezea hazipo tena." Nilifika zikiwa zimekwisha kupakiwa kwenye lori. Bwana Twaha, aliyekuwa anamalizia siku zake za kazi, aliitoa kanda moja, akaenda nayo kwake. Ilikuwa kipindi kimoja tu cha Bi Zuhura. Ndicho kilichobaki cha sauti yake duniani.

Mimi nami nilistaafu, nikafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na nyumbani. Siku moja akaja Nasra, binti yao.

"Bi Mwanaidi, baba masikio yake yamalizika," alisema. "Daktari amesema kilichobaki ni kidogo, na hakitarudi. Vile vifaa vya kusikilizia vya hospitali vyamsaidia kusikia maneno yetu, lakini akimsikiliza mama asema si yeye, asema ni bati laongea."

Zamani Bwana Twaha aliponiletea ile kanda, niliihamishia kwenye kompyuta kwa mashine ya kuazima, kisha kwenye simu ya Nasra, kwa hivyo sauti ilikuwapo, safi kadiri ilivyowezekana. Nasra alikuwa amemnunulia hedifoni za hali ya juu, zile ambazo ndani yake hakuna koni ya karatasi bali utando mpana, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, uliowekwa baina ya sumaku. Alizichomeka kwenye simu. Baba yake alisikiliza kidogo, akazivua.

Simu haikuwa na makosa. Hedifoni za namna ile zina ukinzani mdogo, yaani hazizuii sana umeme kupita, lakini ni nzito kuamka, na zataka mkondo mwingi ambao simu haina. Ukizipa umeme haba hutoa sauti iliyokonda, haina kifua. Zinahitaji amplifaya yake, mashine ya kuukuza umeme wa sauti. Nasra akaniomba nichague mimi.

Niliazima tatu kwa mafundi wenzangu, nikazipeleka nyumbani kwa Bwana Twaha baada ya sala ya alasiri. Alikuwa amekonda. Nilimpigia salamu karibu na sikio, akanitambua kwa kunitazama midomo.

"Leo wewe ndiye Mkuu wa Mitambo," akasema. "Haya, nifanyie kazi."

Ya kwanza ilikuwa ya vali, vile vichupa vya kioo vinavyowaka wekundu ndani. Vijana wanazipenda kwa sababu hulainisha sauti. Lakini ile ilikuwa na ukinzani mkubwa kwenye tundu lake la kutolea sauti, na nguvu nyingi ikapotelea ndani ya mashine yenyewe kabla ya kufika masikioni. Nilipoongeza, sauti ikapasuka. Nikaiweka kando. Ya pili ilikuwa ndogo ya transista, tulivu, haina mvumo kabisa, na mtu mwenye masikio mazima angetosheka nayo. Bwana Twaha alisikiliza, akasema, "Nasikia mwanamke. Simjui ni nani."

Ya tatu ilikuwa nzito, nayo ya transista, yenye nguvu kuliko mahitaji ya mtu yeyote wa kawaida. Hapa wengi hukosea. Amplifaya kubwa haichaguliwi kwa ajili ya kelele. Huchaguliwa ili iwe na akiba, neno linapopanda ghafla lisipasuke, na linaposhuka chini kabisa libaki na uzito wake. Lakini kwa masikio ya Bwana Twaha, akiba ile ingetumika yote. Daktari alikuwa amemwonya Nasra waziwazi kwamba sauti kubwa itakimaliza hata kile kidogo kilichobaki.

Nikamwambia kwa maneno na kwa vidole. Nilimwonyesha kitufe cha sauti, nikamwonyesha mahali ambapo asipite.

"Na hapo nitamsikia?"

"Utasikia kidogo, Bwana Mkuu."

"Kama nilivyosikia kwa ile ndogo?"

Niliitikia kwa kichwa.

Akamgeukia binti yake, kisha akanigeukia mimi. "Nikiyaweka haya masikio, nayawekea nini? Honi za tuktuk?"

Nasra alianza kulia. "Baba, usipotusikia sisi je?"

"Nyinyi nawaona, mwanangu," akasema. "Yeye simwoni."

Nasra ndiye aliyeinuka, akashika kile kitufe kwa mkono wake mwenyewe, akakipandisha polepole, macho kwa baba yake. Alikipitisha pale nilipopaonyesha. Bwana Twaha aliinamisha kichwa. Ghafla akanyoosha kidole hewani, kama alivyokuwa akifanya kazini anapotaka watu wote wanyamaze.

"Zuhura," akasema. "Ndiye. Ana mafua siku hii. Nakumbuka, nilimkataza kuja."

Ile nzito ndiyo iliyobaki pale nyumbani. Alimsikiliza kila alasiri, na hakuna aliyemzuia. Kusikia kwake kuliisha kabla mwaka haujazunguka. Sijui kama kungeisha siku ile ile hata kwa ile ndogo. Daktari naye alipoulizwa alisema hawezi kuapa. Nasra hajapata kunilaumu, nami hujikuta nalifikiria jambo hili niwapo peke yangu na kazi za watu mezani.

Vijana huja kibandani na hedifoni zao za bei, wakiuliza amplifaya gani ni bora kuliko zote. Nawaambia watazame kwanza ukinzani wa hedifoni na ukinzani wa mashine, wa mashine uwe mdogo mara kadhaa kuliko wa hedifoni. Nawaambia wasikilize mvumo kabla ya muziki, na wasidanganywe na ukubwa. Wananishukuru, wanaenda zao. Sijawahi kumwambia hata mmoja habari za Bwana Twaha. Amekwisha kufariki, na sijui nianzie wapi.

Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa hasikii chochote tena. Amplifaya ilikuwa imewashwa palepale kando ya kitanda. Aliziinua hedifoni, akanivika mwenyewe.

"Nisikilizie," akasema. "Nikikutazama nitajua amefika wapi."

Nasra akabonyeza. Bi Zuhura akaanza kusoma salamu. Bwana Twaha alinikazia macho usoni. Nilipotabasamu kwa jina la mtu tuliyemjua, naye alitabasamu. Bi Zuhura alipokohoa na kuomba radhi, sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alisema, "Hayo mafua," akacheka. Alinifuata hivyo jina kwa jina, uso wake ukifanya kila ulilofanya wangu.

Kisha Bi Zuhura akawaaga wasikilizaji wake, akawatakia heri, na kipindi kikaisha. Masikioni mwangu hapakuwa tena na kitu. Bwana Twaha alikuwa bado ananitazama, midomo wazi kidogo, anangoja. Nasra alinyoosha mkono kuizima amplifaya, nikamzuia. Nikatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari njema, nikatabasamu, nikaendelea kusikiliza.